Nani Avute Vumbi Kwanza?

Tafuta katika kamusi za Kiingereza na Kiswahili neno la kupitisha hewa ndani ya jengo, utapewa "uingizaji hewa". Neno hilo halina kosa kwa darasa, kwa zahanati, au kwa nyumba ya bati pale Bariadi saa nane mchana mwezi Septemba, ambako shida ya mtu ni joto na dawa yake ni dirisha. Lipeleke kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, litakuangusha. Mchoraji aliyeambiwa "uingizaji hewa wa kutosha" atachora madirisha makubwa pande zote mbili, ataning'iniza mapangaboi darini, na atakuwa ametii maelekezo neno kwa neno. Upepo wa kiangazi utaingia kama alivyotaka. Utalikuta vumbi la pamba limetulia chini ya mashine, utaliinua, utalitembeza kwa kila aliyemo.

Nalisema hili sasa kwa sababu neno lenyewe liko njiani kwenda mahali ambako kulitoa ni kazi. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na kazi ya kufasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ikawa ya lazima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia, hutembea nayo, ni mojawapo ya sheria zilizotungwa kwa Kiingereza. Neno likishakaa kwenye kanuni, mkaguzi atakagua neno: akikuta dirisha, ataweka alama ya vema. Hapo mwanaistilahi atakuwa ameamua ukubwa wa feni ya kiwanda kabla mhandisi hajashika kalamu.

Simiyu ni mahali pazuri pa kulijaribia neno la namna hii. Mkoa ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, pamoja na kipande kilichokuwa cha Mwanza ambacho leo ni Busega. Makao makuu yakawa Bariadi, na zao lililoutambulisha tangu siku ya kwanza ni pamba. Msimu wa kununua hufunguliwa mvua zikishakatika, Mei au Juni, na ndipo jineri, yaani viwanda vya kuchambua, zinapoanza kunguruma. Pamba mbegu, kama inavyoitwa ikiwa bado na mbegu zake, hulundikwa. Bomba pana lililoning'inia juu ya lundo huivuta hadi kwenye mashine. Mbegu hudondoka zikaenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yake yakalishwa ng'ombe. Pamba nyuzi huelekea kwenye shindilio ikatoka marobota. Kila mahali pamba inapoanguka, inapopigwa au inapobadili njia, kuna kitu kinachobaki hewani: vipande vya majani makavu, udongo, nyuzi fupi zisizofaa kitu.

Na mchanga. Kila anayeijua biashara hii Usukumani anaijua hila ya kutia mchanga au maji kwenye pamba ili mzani useme zaidi. Kila msimu hila hiyo inakemewa kama wizi na kama doa kwa sifa ya pamba yetu sokoni. Sijaisikia ikikemewa kama jambo la mapafu. Lakini mchanga uliopimwa kwenye mzani wa AMCOS, ushirika wa wakulima, lazima utoke mahali fulani, na sehemu yake iliyo laini hutokea hewani mwa jineri, anakopumua kibarua ambaye hakuonja hata senti moja ya hila ile.

Tuje kwenye kitenzi. Ukimwuliza fundi lile bomba linafanya nini, huenda asikuambie linafyonza wala linanyonya, ingawa kamusi inaruhusu yote mawili. Atasema linavuta. Kuvuta ni kitenzi chenye mizigo mingi. Tunavuta kamba, tunavuta maji kwa bomba, tunavuta sigara, tunavuta pumzi, na mfanyakazi aliyesimama kando ya mashine anavuta vumbi. Wenye lugha nyingine wamegawanya kazi hiyo kwa vitenzi mbalimbali, kimoja cha mashine na kingine cha kifua. Sisi tumebaki na kimoja, na katika jambo hili kimoja kinatosha kuliko vingi, kwa maana kinatuonyesha mashindano yenyewe: bomba linavuta, pafu linavuta, na vumbi litamfuata aliyewahi. Usanifu mzima wa mitambo ya kutoa hewa chafu ni kupanga mambo ili bomba liwahi.

Pafu si mshindani dhaifu. Mtu mwenye kazi ya kubeba na kusukuma huvuta takriban mita 10 za ujazo za hewa katika zamu ya saa nane, na pua yake iko palepale kazini, haihami. Bomba kwa upande wake lina nguvu nyingi lakini mkono mfupi. Washa kibatari usiku, kiweke umbali wa mkono wako, upulize: kitazimika. Sasa jaribu kukizima kwa kuvuta pumzi ukiwa umbali uleule. Utavuta mpaka kichwa kizunguke na mwali hautatikisika. Hewa inayopulizwa huenda kwa mkupuo mmoja na kufika mbali. Inayovutwa hukusanywa kutoka pande zote kwa pamoja, mbele, kando na hata nyuma ya mdomo, kwa hiyo nguvu hupotea upesi. Kwenye umbali sawa na upana wa bomba, kasi imeshuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya ile ya mdomoni.

Mmarekani J. M. DallaValle aliipimia hali hiyo kanuni katika miaka ya 1930, na wahandisi wanaitumia mpaka leo. Tuichukue kwa mfano mmoja. Bomba lina mdomo wa eneo la mita mraba 0.1, na tunataka hewa itembee kwa mita 0.5 kwa sekunde pale vumbi linapozaliwa, kasi inayotosha kwa vumbi linalotoka kwa upole. Chanzo kikiwa sentimita 30 kutoka mdomoni, feni inatakiwa ivute mita za ujazo 0.5 kila sekunde. Sogeza mdomo hadi sentimita 60, hesabu inaruka hadi mita za ujazo 1.85. Umeongeza umbali mara mbili, nawe unadaiwa hewa karibu mara nne, na umeme wa kuivuta. Mwenye kiwanda anayelalamika kuwa feni kubwa aliyonunua "haivuti" mara nyingi anadaiwa na hizo sentimita.

Basi istilahi ninayoipigia debe ni "uvutaji wa chanzoni". Ina kitenzi cha mafundi na ina mahali. Ile kazi nyingine, ya kufungua madirisha na kuingiza hewa nyingi safi ili ichanganyike na chafu, nayo ni halali kwa vitu vyenye madhara madogo, na lugha yetu imekwisha kuipa jina barabarani na vilabuni: "kuzimua". Aliyewahi kuzimua kinywaji kikali kwa maji anajua kwamba ukali umepungua na kileo ni kilekile. "Uzimuaji wa hewa" ungemwambia mkaguzi ukweli ambao "uingizaji hewa" unauficha: uchafu haujaondoka, umetandazwa.

Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hili una historia ndefu kuliko jina lake. Tangu mwaka 1700 Mtaliano Bernardino Ramazzini alishaandika juu ya kikohozi cha watu wanaochana kitani na katani. Jina la kitabibu alilibuni Mfaransa Adrien Proust mwaka 1877 kutokana na neno la Kigiriki la kitani laini. Viwandani Ulaya wakauita ugonjwa wa Jumatatu, kwa kuwa mfanyakazi aliyepumzika Jumapili alibanwa kifua aliporudi kwenye vumbi, kisha siku zilivyosogea akaona nafuu, mpaka Jumatatu nyingine. Kwetu haukubaki habari ya vitabuni. Mwaka 1978 ulichapishwa utafiti uliopima mapafu ya wafanyakazi wa mkonge Tanzania kwa ajili ya ugonjwa huohuo, maana vumbi la mkonge nalo hushukiwa kuuleta.

Marekani iliweka mwaka huohuo wa 1978 kikomo cha mikrogramu 200 za vumbi la pamba katika kila mita ya ujazo kwa viwanda vya kusokota nyuzi. Jineri ziliachwa nje ya kikomo hicho.

Kwa Kiswahili mgonjwa atasema "nabanwa kifua", naye atakuwa amelitaja tatizo sawasawa na kitabu cha udaktari. Tatizo linaanza hatua inayofuata. "Ana kifua" kwetu ni mafua makali, ni pumu, ni nimonia, na kwa jirani anayenong'ona ni kifua kikuu. Kibarua wa msimu aliyeanza kukohoa Julai akaacha Oktoba hana neno la kuiambia zahanati kwamba kifua chake kinafuata ratiba ya jineri. Ningependelea "kifua cha pamba". Neno halina uzuri wa Kigiriki, lakini mganga wa zahanati akilisikia atauliza swali linalofaa: unafanya kazi wapi?

Turudi kwenye bomba, mwanzoni mwake. Kile kipande kinachokaa karibu na chanzo, wataalamu wa lugha wakikifasiri hukimbilia "kofia", kwa kufuata Kiingereza. Kofia hukaa juu ya kichwa, na neno hilo linamvuta msanifu aweke bati pana juu, darini, mbali na kazi. Bati hilo lina jina lake sahihi: "mwavuli". Mwavuli unafaa juu ya kitu cha moto ambacho mafusho yake hupanda yenyewe na hakuna mtu anayekiinamia. Juu ya mtu anayekoroga, anayechomelea au anayemimina, mwavuli ni hatari, kwani uchafu huanza safari chini, hupita usoni pake, ndipo ukafika juu. Kipande cha karibu, cha kando au cha nyuma ya kazi, nitakiita "mdomo", kama bomba lolote lenye mdomo. Mdomo hauwezi kuwa darini. Kila mtu anajua mdomo husogezwa kwenye chakula.

Mfano uko wilayani Maswa, hukohuko Simiyu: wanatengeneza chaki, mradi uliopata sifa nchini enzi za kauli ya "Wilaya Moja, Bidhaa Moja". Chaki ni jasi, na kazi yake yenye vumbi kuliko zote ni kumwaga unga kutoka mfukoni kwenda kwenye chombo cha kuchanganyia. Kwa kazi ya aina hiyo, popote inapofanyika, ufa mrefu wa kuvutia uliowekwa ukingoni mwa chombo hutosha. Feni ya darini hapo humwaga unga mara ya pili.

Baada ya mdomo ni bomba lenyewe, na hapa sina ugomvi na neno lolote. Tatizo ni hesabu. Vumbi la pamba linataka hewa iende mita 15 hadi 20 kwa sekunde ndani ya bomba. Ikienda taratibu zaidi, vumbi hulala chini ya bomba, linajijenga, na jineri yenye bomba lililojaa nyuzi kavu inangoja jiwe moja lililokuja na pamba ligonge chuma litoe cheche.

Kinachofuata ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote. Chombo cha bati chenye umbo la pia, kipana juu na chembamba chini, hewa inaingia kwa ubavu ikizunguka, chembe nzito zinasukumwa ukutani na kuteremka hadi kwenye mfuko, hewa iliyopungua uchafu inatokea juu katikati. Wenye kukiuza wanakiita saikloni. Mfasiri wa haraka ataandika "kimbunga", na msomaji wa Mtwara atakumbuka mabati yaliyoezuliwa. Lakini katika mashamba makavu ya Itilima na Meatu, mwezi wa Agosti, watoto hulikimbia jambo hilohilo kwa udogo wake: vumbi linanyanyuka, linazunguka kama nguzo, linabeba majani na mifuko ya plastiki, linapotea. Kiswahili kinaliita "kisulisuli". Ni jina la ukubwa unaostahili, na kila mtoto wa huko amekwisha kuona inavyofanya kazi. Liingie kwenye kamusi ya mitambo leo. Tahadhari moja tu: kisulisuli cha bati hukamata chembe kubwa vizuri, na zile ndogo kabisa, zinazofika ndani ya pafu, nyingi hukiponyoka. Hizo zinataka chujio la kitambaa.

Na chujio la kitambaa linataka tujue tunachuja nini, jambo ambalo lugha yetu ya kila siku hailiwekei mipaka. Tunasema "moshi" kwa kinachotoka kwenye kuni, kwenye ekzosi ya pikipiki, kwenye uchomeleaji na kwenye kikaango. Moshi wa kuchomelea ni chembe za chuma kilichogeuka mvuke kikaganda tena hewani, ndogo mno kuliko vumbi lolote la jineri. Mvuke nao ni gesi, hauna chembe hata moja ya kunaswa na kitambaa. Simiyu ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na pale zebaki inapotumika kushika dhahabu, mwisho wake huwa ni kuchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, ikaondoka bila rangi na bila harufu, dhahabu ikabaki. Mtu aliyevaa barakoa ya vumbi wakati huo amevaa kitambaa tu. Kinachomsaidia ni ritoti, chombo kilichofungwa kinachoupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki ya kimiminika, na akiwa ndani ya jengo, uvutaji wa chanzoni unaopitia kwenye mkaa maalumu uliotiwa salfa.

Neno linalopendekezwa kwa haya yote ni "mafusho". Nalipenda na naliogopa. Ni ndugu wa kufukiza, na kufukiza kwetu ni tiba: nyungu, majani, blanketi kichwani, jinsi nchi ilivyojifukiza wakati wa korona mwaka 2020. Mama aliyejifukiza akapona anaposomewa onyo la "mafusho ya zebaki" anasikia dawa. Kwa gesi zinazotokana na vimiminika na metali ningesema "mvuke wenye sumu", maneno matatu, marefu, yasiyopendeza kwenye bango, lakini hayamkaribishi mtu chini ya blanketi.

OSHA wenyewe wametupa neno "kihatarishi" kwa kitu kinachoweza kudhuru, na wamelieneza kwa bidii mpaka mafundi wanalitamka. Ni mafanikio. Ila maofisini neno hilohilo limeshika kazi ya pili: "usimamizi wa vihatarishi" wa halmashauri unahusu uwezekano wa mambo kwenda mrama, bajeti kuchelewa au mfumo kuanguka. Zebaki iliyo ndani ya chupa iliyofungwa ni kihatarishi kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili, ni kihatarishi kidogo sana mpaka mtu afungue kizibo. Msanifu wa hewa anahitaji maneno mawili hapa, maana la kwanza humwambia anashughulika na kitu gani, la pili humwambia feni iwe na ukubwa gani. Ningeacha "kihatarishi" kwa kitu chenyewe na kurudisha "uwezekano wa madhara" kwa kile kingine. Waandishi wa mipango mikakati watanuna.

Liko pia suala la hewa inayoingia badala ya iliyovutwa. Ukivuta hewa nje ya jengo lazima nyingine iingie, la sivyo milango inakuwa mizito kufungua, upepo unalia kwenye nyufa na feni inafanya kazi bure. Wanafizikia wa Kiswahili walitupa "kanieneo" kwa hali hii, na mtaani watu wakabaki na "presha". Mwambie msimamizi wa zamu kwamba jengo lina presha ya chini, atakuuliza limepimwa lini. Hewa ya kujaza pengo ningeiita "hewa fidia", kwa kuwa fidia ni neno ambalo Mtanzania yeyote aliyepitiwa na barabara au nguzo za umeme analielewa hadi kwenye mifupa: umechukua, ulipe, tena ulipe kabla ya kuvunja. Na hapa ndipo "uingizaji hewa" unapopata kazi yake halali katika jineri. Dirisha lile la mchoraji halikuwa bure. Lilitakiwa liwe nyuma ya mfanyakazi, hewa imfikie yeye kwanza, ipite mgongoni, ielekee mdomo wa bomba.

Mwisho wa bomba kuna feni, na baada ya feni kuna kitu ambacho watu wa pwani walikipa jina la kupendeza, "dohani", tangu zama za meli za moshi. Bara tunasema "bomba la moshi", hata pale ambapo hakuna moshi. Dohani inafaa kurudishwa. Isimame wima, ipite juu ya paa kwa urefu wa kutosha, iwe mbali na madirisha yanayoleta hewa fidia, kwani jineri inayojirudishia vumbi lake kupitia dirishani imelipa umeme bila kununua kitu. Na isivalishwe kofia. Lile bati la umbo la pia linalowekwa juu ya bomba kuzuia mvua huisukuma hewa chafu irudi chini kwenye paa na uwanja. Mvua hukingwa kwa kuizungushia dohani bomba pana zaidi juu yake na kuacha upenyo wa maji kuteremka kando, au kwa kutoboa tundu dogo chini kabisa ya dohani maji yatoke feni ikiwa imezimwa. Bariadi hata tundu hilo halina haraka: jineri huchambua wakati wa kiangazi, na mvua zinapokolea mashine nyingi huwa zimekwisha kufunikwa.